Nywele ulizo nazo leo: kuchagua mtindo baada ya kujisahau



Msimu wa baridi uliopita nilimtembelea mama mmoja kusini mwa Riyadh kwa ajili ya karatasi za shule za watoto wake. Ndani tulikuwa wanawake watupu, mlango umefungwa, naye hakuvua mtandio. Niliona, sikusema kitu. Tulipomaliza karatasi alinionyesha kadi ya mwaliko: mtoto wa wifi yake anaolewa Jeddah, wiki sita mbele. Nikamuuliza kama ataenda. Akasema hapana, nauli ni kubwa. Binti yake wa miaka kumi na mmoja, aliyekuwa pembeni akichora, akasema bila kuinua macho, "Baba ameshalipa nauli. Mama hataki watu waone kichwa chake."

Ambaye hajahudhuria harusi ya hapa huenda asielewe kwa nini jambo hilo ni zito. Wanawake wana ukumbi wao peke yao. Abaya na mitandio huachwa mlangoni, mara nyingi na simu pia kwa sababu ya kamera, na ndani kila mtu ametoka saluni siku hiyo hiyo. Barabarani hakuna anayejua una nywele za namna gani. Harusini wanajua wote, tena chini ya taa kali.

Yule mama akavua mtandio. Kisogoni nywele zilikuwa zimeshikana kama sufu ya godoro. Pembeni mwa paji la uso, juu ya masikio, palikuwa peupe, pana upana wa vidole viwili kila upande. Akaniambia maneno ambayo nimeyasikia katika nyumba nyingi, "Nikirudi kuwa kama zamani, ndipo nitasuka."

Ameniruhusu nisimulie bila jina, kwa hiyo somo la mwezi huu nitalifuata kichwani mwake, na kidogo kichwani mwangu.

Nilivyokosea mimi

Mimi nililelewa kambini Nyarugusu, mkoani Kigoma. Tulivuka kutoka Uvira mwaka 1996 nikiwa na miaka saba. Kambini hatukuwa na kitu, lakini Jumamosi jioni kila mlango ulikuwa na mkeka, na kila mkeka ulikuwa na mtoto aliyekaa katikati ya magoti ya mtu akisukwa. Hakuna msichana aliyekwenda kanisani Jumapili kichwa kikiwa hakijaguswa. Aliyekuwa na haraka alisukwa twende kilioni, mistari michache ya kurudi nyuma, akaondoka.

Nilipofika Riyadh nilikaa karibu mwaka mmoja na nusu bila kusuka. Nilidhani nimekuwa mvivu. Baadaye nilielewa kwamba kilichokosekana ni magoti ya kukaa katikati yake. Kusuka kwetu ni kazi ya watu wawili na maongezi ya saa tatu. Ukihamia ghorofa ya nne katika mtaa usiojua mtu, mtandio upo mlangoni na unaficha yote, siku zinapita. Kwa hiyo ukimwona mwenzio amejisahau, usianze na "mbona hujitunzi." Anza na kumuuliza nani humsuka.

Basi nilipochoka kujificha nilikwenda saluni moja nikiwa na picha kwenye simu: mimi mwenyewe siku ya mahafali ya chuo, rasta ndefu hadi kiunoni. Nikasema nataka hivi. Wakaniwekea dawa ya kunyoosha na wakanisuka rasta siku hiyo hiyo, nyembamba na nzito, wakavuta mpaka nyusi zikapanda. Usiku sikulala. Nilijiambia uzuri ni udhia, nivumilie. Wiki ya tatu nywele za pembeni zilianza kutoka pamoja na rasta zake, mizizi ikionekana. Upande wa kulia zilirudi baada ya mwaka. Upande wa kushoto hazijarudi zote hadi leo, na ndiyo maana mnaniona siku zote nimelalia upande mmoja.

Saluni ile ilikuwa na kosa lake, lakini kosa la kwanza lilikuwa langu: niliwapa picha ya nywele nilizokuwa nazo miaka sita kabla, nikawapa na kichwa kingine kabisa wafanyie kazi. Mtindo unaopendeza baada ya kujisahau huchaguliwa kwa nywele ulizo nazo leo asubuhi.

Zinanyonyoka au zinakatika?

Kabla ya kufikiria mtindo, chukua nywele zilizobaki kwenye chanuo ziweke juu ya karatasi nyeupe. Zikiwa ndefu kamili na kwenye ncha moja kuna kidoa cheupe kama chembe ya chumvi, hizo zimenyonyoka toka mizizini. Zikiwa vipande vifupi visivyo na kidoa, zimekatika njiani. Ni mambo mawili tofauti na yanatibiwa tofauti.

Kunyonyoka nywele 50 hadi 100 kwa siku ni kawaida ya binadamu. Aliyesuka mwezi mzima akifumua ataona fungu kubwa la kutisha. Ni za mwezi mzima zilizoshikiliwa na msuko, asihesabu kama za siku moja.

Ziliponyonyoka kwa wingi, karibu kila mama ninayekutana naye anasema ni maji ya hapa. Maji ya Jeddah hutoka baharini na kuondolewa chumvi. Riyadh nayo haina mto wala bahari, sehemu kubwa ya maji yake husukumwa kwa mabomba kutoka Jubail kwenye pwani ya Ghuba, mamia ya kilomita. Ni kweli maji magumu huacha nywele kavu na nzito, na hapo zinakatika. Lakini kunyonyoka toka mizizini mara nyingi kuna sababu nyingine. Mwili ukipata mshtuko mkubwa, yaani homa kali, uzazi, msiba, njaa au hofu ya muda mrefu, nywele nyingi huingia katika kipindi cha kupumzika kwa wakati mmoja, kisha huanguka miezi 2 hadi 3 baadaye. Hesabu basi. Familia inafunga safari, inalia uwanja wa ndege, inafika, inatafuta nyumba, na mwezi wa tatu nywele zinajaa bafuni. Maji yapo mbele ya macho, ndiyo yanayolaumiwa, wakati chanzo kilibaki nyuma.

Nalisema hili kwa sababu lina faraja ndani yake. Kunyonyoka kwa namna hiyo kwa kawaida hukoma kwenyewe, na nywele huota tena, ingawa polepole: karibu sentimita moja kwa mwezi, na nywele zetu za kipilipili zinajikunja, kwa hiyo macho yanaona pungufu ya hapo. Zikiendelea kupita miezi sita, au ukiwa unachoka sana, unasikia kizunguzungu na hedhi ni nzito, mwone daktari apime damu. Upungufu wa madini ya chuma ni sababu ya kawaida kwa wanawake. Mabaka ya mviringo, magamba, usaha au mapunye kwa watoto hayangoji saluni, ni ya daktari moja kwa moja. Namba 937 ya Wizara ya Afya hutoa ushauri kwa simu.

Pembeni mwa paji la uso ni habari nyingine tena. Pale panapokuwa peupe kwa miaka ya kuvutwa, na mtandio uliofungwa kwa nguvu nao unavuta, hakuna mafuta ya kutibu kama bado unavuta. Ukiacha mapema, nywele hurudi. Ukichelewa, ngozi inakuwa laini na kung'aa, vijitundu vya nywele vinafungika, na hapo hazirudi. Yule mama wa Riyadh nilimwangalia karibu na dirisha: kulikuwa na vinywele vifupi kama vya mtoto mchanga. Tukajua bado tupo kwenye wakati.

Kufungua kichwa

Hii ndiyo sehemu ndefu, na wengi huiruka. Msipige msuko juu ya nywele zilizoshikana. Kitakachofuata ni kukata kichwa chote.

Tulichagua Ijumaa, siku baba na wavulana wametoka. Tulichukua kondishena ya bei nafuu, chupa nzima, na mafuta ya nazi. Tuligawa kichwa mafungu manane kwa vibanio. Fungu moja likiwa wazi, mengine yamefungwa. Tulilowesha kwa maji ya uvuguvugu yenye kondishena, tukaacha dakika ishirini, kisha tukafungua kwa vidole. Vidole kwanza, chanuo lenye meno mapana baadaye, na daima kutoka nchani kupanda kuelekea mzizi. Anayeanzia mzizini anasukuma mafundo yote chini yakawe fundo moja. Ukishika nywele juu ya fundo kwa mkono mmoja, maumivu hayafiki kichwani.

Ilituchukua saa nne na nusu. Binti alishika vibanio. Mahali pawili kisogoni palikuwa hapafunguki, tukapakata kwa mkasi mdogo, kila kifundo kama gololi. Yule mama alilia kidogo. Sikumwambia anyamaze. Alikuwa akizungumza habari za dada yake aliyebaki Bukavu, na nadhani mara ya mwisho kusukwa ilikuwa kwa mkono wa dada huyo.

Baada ya hapo tuliosha. Kwa kuosha mimi napenda majani ya mkunazi, ambayo Waarabu huyaita sidr. Yanauzwa yakiwa unga katika maduka ya watu wa viungo na manukato: Riyadh, sokoni Batha, ambako mstari wa buluu wa metro unapita, Jeddah, pale Balad kwenye Suk al-Alawi na kuelekea Bab Makkah. Bibi zetu wa pwani wanayajua vizuri. Unga ukichanganywa na maji hutoa povu jepesi. Suuza sana, maana chembe zake zikibaki zinafanana na mba. Shampuu ya kawaida pia inafaa. Sidr si dawa ya kuotesha nywele, msidanganywe na muuzaji.

Jambo moja la kuogopa madukani ni ile inayoitwa hina nyeusi. Hina ya kweli hutoa rangi ya kahawia au nyekundu iliyoiva, na huchukua saa nyingi. Inayotoa weusi kwa muda mfupi mara nyingi imetiwa rangi ya viwandani inayoweza kutoa malengelenge, na mwenye kuipata mara moja anaweza kudhurika na rangi za nywele maisha yake yote.

Mkasi

Waislamu waliokwenda umra wanajua kwamba mwanamke hupunguza ncha tu, kadiri ya ncha ya kidole. Kwa nywele zilizosahauliwa mwaka mzima hiyo haitoshi. Ncha ikipasuka, mpasuko hupanda juu, na nywele unayoilinda kwa urefu itakatika yenyewe mahali ambapo hukupachagua.

Mama yule hakutaka mkasi. Alikuwa na nywele za kufika mabegani kisogoni na za kidole kimoja pembeni. "Hizi ndizo zilizobaki," akaniambia, kama mtu anayeshika mfuko wa akiba. Sikumlazimisha. Nilimfunga nywele zote kwa mkono wangu zionekane fupi mbele ya kioo, usawa wa masikio, nikamwacha ajitazame. Alikaa kimya. Binti akasema, "Unafanana na picha ya bibi." Wiki iliyofuata alinipigia simu mwenyewe kuuliza saluni iko wapi.

Fanyeni hivyo kabla ya kukata: kunja, funga, tazama kioo mchana, si usiku kwenye taa, na mtazame kwa siku mbili tatu. Asiyetaka kukata zote kwa pamoja anaweza kupunguza sentimita moja mbili kila wiki nane huku akisuka misuko ya mkono isiyo na rasta.

Uso, shingo na mtandio

Sasa tufike kwenye mtindo wenyewe. Watu hutaka kujua umbo la uso, nami nitasema kwa ufupi kwa sababu si sheria. Uso wa mviringo hupendeza nywele zikiwa na kimo juu na zimebanwa pembeni. Uso mrefu hupendeza nywele zikijaa pembeni, kimo kikiwa kidogo. Shingo fupi, acha kisogo kiwe wazi. Paji pana, au pembeni pamenyonyoka, leta nywele mbele: misuko michache minene inayolala upande wa paji, au nywele fupi zilizoachwa ndefu kidogo mbele. Kurudisha zote nyuma kunaonyesha kila kitu na kunavuta palepale pagonjwa.

Lakini kwetu hapa kuna jambo lingine la kuuliza ambalo majarida ya mitindo hayaulizi: nywele zako zinakaa chini ya kitambaa saa ngapi kwa siku? Wengi wetu tunajifunika, wengine kwa dini na wengine kwa kufuata mji. Mtindo unaovimba kisogoni, kama vitunguu au fundo kubwa, utakandamizwa, utakuumiza ukiegemea kiti cha gari, na mtandio utateleza siku nzima. Misuko ya kulala, mabutu mawili au manne yaliyolegea, au nywele fupi za asili ndiyo inayotoka chini ya mtandio ikiwa bado ina sura.

Kofia ya ndani ya pamba hunyonya mafuta na kusugua pembeni. Nunua kipande cha satini Batha au Balad ushone mwenyewe, na foronya nayo hivyo hivyo. Usifunge mtandio mahali palepale kila siku; sogeza fundo.

Na miji hii miwili haifanani. Riyadh ni kavu, hewa yake inanyonya unyevu hata wakati wa baridi, kwa hiyo paka maji kwanza kisha mafuta juu yake kuyazuia, ya nazi au ya nyonyo kidogo. Mafuta peke yake juu ya nywele kavu hayasaidii sana. Jeddah ni mji wa bahari, jasho na unyevu. Huko tatizo ni kufunika nywele zikiwa mbichi: zinanuka, mba inazidi, kichwa kinawasha. Osha usiku, zikauke kabisa, ndipo ufunike. Mimi niliyekwenda na mafuta yangu mazito ya Riyadh niliona Jeddah yakishuka hadi nyusini.

Ndani ya mashghal

Saluni ya wanawake hapa huitwa mashghal. Vioo vyake ni vya giza au vimezibwa, kuna pazia nyuma ya mlango, na wanaume hawaingii, hata mvulana mkubwa. Wafanyakazi ni wanawake kutoka Ufilipino, Morocco, Misri, Lebanoni na kwingine. Wengi hawajawahi kushika nywele za kipilipili, na hilo mtalijua kwa jinsi mkono unavyositasita. Uliza kwanza, usione haya. Alhamisi jioni kuna msongamano wa harusi; nenda Jumapili au Jumatatu, msusi ana muda wa kukusikiliza.

Maneno machache ya Kiarabu ambayo nimeyatumia mwenyewe. Al-atraf bas: ncha tu. La tishiddi: usivute, ukisema na mwanamke. Yuja'ni: inaniuma. Dafayir: misuko. Shwayya shwayya: polepole. Kam ma'a dhariba: bei gani pamoja na kodi, kwa maana kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 15 tangu Julai 2020, na bei uliyoambiwa kwa mdomo huenda haikuihesabu. Omba risiti. Mkigombana juu ya bei, namba ya malalamiko ya Wizara ya Biashara ni 1900.

Watakupendekezea brotin. Ni dawa ya kulainisha inayopigwa pasi ya moto, na inapendwa sana mjini. Baadhi ya dawa hizo hutoa gesi ya formaldehaidi zinapopata moto. Ukiona macho yanawasha na koo linakereketa, toka nje. Kwa mwenye nywele zinazonyonyoka, au kidonda kichwani, au mjamzito, jibu langu ni hapana, na hapana hiyo hiyo kwa dawa ya kunyoosha. Sema: bidun brotin, bidun fard. Wakikuambia nywele zako bila dawa haziwezekani, asante na kwaheri, kuna mashghal nyingine mtaa wa pili.

Kusukwa na dada mwenzetu nyumbani ni kuzuri, na wako wanaojua kazi kuliko saluni. Ila dada anayetaka kusuka kwa malipo ajue kwamba kufanya kazi nje ya kile kilichoandikwa kwenye iqama yake ni kosa, na adhabu yake inaweza kufika hadi kurudishwa nchini. Aje ofisini tuangalie kibali chake kabla hajatundika tangazo. Kusukana kwa undugu, Jumamosi kwa Jumamosi, hakuna neno.

Kwa akina baba na wavulana sina mengi, kinyozi yuko kila kona na bei zimebandikwa ukutani. Kinyozi huitwa hallaq. Mwambieni abadilishe wembe mbele ya macho yenu. Na shule nyingi hazikubali mvulana aliyenyolewa sehemu na kuachiwa sehemu, yaani qaza. Panki aliyotoka nayo nyumbani imewarudisha wavulana wetu wawili getini mwaka huu, na mmoja alikuwa na mtihani siku hiyo.

Jeddah

Mama wa Riyadh alikatwa usawa wa masikio, kisogo kifupi zaidi. Hakuwekewa dawa wala rasta. Mbele tulimwachia nywele za kutosha kusokota misuko sita ya mkono, iliyolazwa upande wa kulia kufunika paji na ule weupe wa pembeni. Upande wa kushoto tulipaacha wazi na hereni kubwa, kwa kuwa vinywele vilikuwa vimeanza kuonekana. Binti yake ndiye aliyesokota. Nilimfundisha Jumamosi tatu mfululizo, mama akiwa chini kwenye zulia, mtoto juu ya kochi, magoti yake membamba yakimbana mama mabegani. Mara ya kwanza misuko ilikuwa kama mizizi ya tangawizi. Mara ya tatu iliweza kwenda harusini.

Walisafiri kwa basi, karibu kilomita 950, nywele zikiwa chini ya kofia ya satini na mtandio uliolegezwa. Nilimwuliza aliporudi ilikuwaje. Alinijibu kwamba mlangoni, mikono ikiwa tayari kwenye pini ya mtandio, alisimama muda mrefu mpaka watu wa nyuma wakaanza kunung'unika, na binti akamvuta abaya. Ndani, wifi yake alimtazama akasema, "Umekata?" Akajibu, "Nimekata." Wifi akamshika kisogo kwa kiganja, akamzungusha kwenye mwanga, kisha akamwuliza aliyemsuka ni nani, kwa sababu naye pembeni pamemnyonyoka na hajamwambia mtu.

Sasa hivi wanasukana kwa simu, mmoja Riyadh na mwingine Jeddah, kila mmoja na binti yake na chanuo, Jumamosi baada ya Alasiri. Wamenituma niandike kwamba atakayependa kujiunga awaletee namba yake kupitia ofisi yetu.